Ami, Simu na Farasi Jike wa Mwanangu

Binti yangu alipotimiza miaka 10 aliacha kuniomba simu, akaanza kuniomba farasi. Siku ile nilishukuru. Simu ningeweza kushindwa na maneno nikanunua, lakini farasi nilijua hapati.

Basi leo naandika haya nimekalia ndoo iliyopinduliwa, ndani ya banda la bati nje kidogo ya Hereford, Uingereza, buti zimejaa tope, na mbele yangu yuko farasi jike wa rangi ya hudhurungi anayetafuna nyasi kavu huku ananitazama kama mtu anayenidai. Jina lake Seren. Ni Kiwelshi, maana yake nyota.

Mimi ni mtoto wa Langoni, Lamu. Vichochoro vya mji wetu havipiti gari, kwa hiyo mchanga, saruji, mawe, boriti, hata friji ya bibi harusi, vyote hupanda mgongoni mwa punda. Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, amefuga punda umri wake wote, na utoto wangu niliumalizia nyuma ya mikia yao. Nilipanda bila tandiko, nikaanguka, nikapanda tena. Mbio za punda za Maulidi nimeshiriki mara mbili. Mara ya kwanza punda alimaliza bila mimi.

Kwa hiyo nilijiona mjuzi. "Farasi ni punda aliyesoma tu," nilimwambia mke wangu. Akanijibu nisubiri nione ada ya masomo yake.

Ukweli ni kwamba farasi kwetu ni wa kusikia. Tunamsoma kwenye Qurani, sura ya Wal-adiyati, tunaambiwa kheri imefungwa utosini mwake mpaka Kiyama, lakini kumwona kwa macho ni nadra. Mimi wa kwanza nilimwona nikiwa kijana mkubwa, uwanja wa mbio wa Ngong kule Nairobi, nikarudi nyuma hatua mbili. Sababu moja ya uchache wao nilikuja kuijua huku ugenini: kuna maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoletwa na usubi, wale wadudu wasioonekana wanaotutafuna magharibi karibu na mikoko. Punda akiyapata, mara nyingi humpitia tu, wala hutamjua kuwa mgonjwa. Farasi hufa. Ndiyo maana punda ndiye aliyetujengea mji.

Binti yangu alianza kupanda akiwa na miaka saba, Jumamosi kwa Jumamosi, kwenye shule moja ya farasi. Mwalimu wake ni mama wa makamo asiyecheka ovyo. Alipotuambia mtoto yuko tayari kuwa na farasi wake, mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Kwetu nguo ya Idi hununuliwa kubwa, mtoto aikulie. Nikamwambia tutafute farasi mkubwa kabisa, amalize naye sekondari.

"Wewe ni dereva wa lori," akaniambia. "Mtoto wako akifundishwa kuendesha, utampa lori lako kwa sababu ipo siku atakua?"

Alijua pa kunipiga. Nikanyamaza.

Huku farasi hupimwa kwa viganja, kutoka chini mpaka pale shingo inapoungana na mgongo. Kiganja kimoja ni inchi 4. Ukiona imeandikwa 12.2, usidhani ni kumi na mbili nukta mbili kama hesabu za shule. Ni viganja 12 na inchi 2, jumla inchi 50, yaani sentimita 127. Mpaka 148 hivi bado anaitwa poni, farasi mdogo. Mtoto wangu ana kilo 34, na mwalimu akasema tutafute wa 12.2, au 13 ikizidi sana, mwenye umri, aliyeona mengi, asiyeshangazwa na mfuko wa plastiki.

Nikawa nakesha nasoma matangazo. Lugha yake ina kamusi yake, na kamusi hiyo nimelipia. "Si wa wanaoanza" maana yake atamwangusha mtoto. "Anapenda kwenda mbele" maana yake hana breki. "Anahitaji mtu wa kumwelewa" maana yake mwenyewe ameshindwa. Picha zote zimepigwa upande mmoja? Uliza upande wa pili una nini.

Halafu kuna suala la jike. Nusu ya watu walinionya: chukua dume aliyehasiwa, anakuwa yuleyule Januari mpaka Desemba. Jike, tangu nyasi zinapochipua mpaka majani yanapopukutika, kila wiki tatu hivi huingia joto, na siku tano au saba hizo anaweza kuwa mwingine kabisa: anapiga kelele, anakojoa kojoa, hataki kuguswa mbavu. Nilimpigia Ami kumuuliza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mizigo ya mbali yote nilikuwa nampa jike," akasema. "Jike akikukubali, amekukubali. Dume hukubali chakula."

Sijui kama sayansi inamuunga mkono, lakini tangu hapo sikuuliza tena.

Wa kwanza tuliyekwenda kumwona, Januari, alikuwa wa rangi ya dhahabu, singa za shingo nyeupe kama kitambaa cha kilemba. Mtoto alipomwona alisahau kusalimia watu. Tangazo lilisema ana miaka tisa, mpole, "hata bibi anampanda". Tulipofika alikuwa ameshafungwa tandiko, amesimama uani tayari, na muuzaji ana haraka kidogo kwa sababu kuna familia nyingine inakuja saa nane.

Hapo ndipo mkono wangu ulipofanya kitu ambacho kichwa hakikuuagiza. Kwa Ami, kabla hujampakia punda asubuhi, unapitisha kiganja chini ya tumbo, pale mkanda unapopita, kuona kama jana ulimchubua. Nikapitisha. Manyoya yalikuwa yamelowa, tena kwa maji ya moto, yamelala upande mmoja kama nywele za mtu aliyetoka kuvua kofia. Nikamuuliza muuzaji kama ameshapandwa leo. Hapana, akasema, ni mvua tu.

Mvua ilikuwapo, kweli. Lakini mvua gani inanyesha chini ya tumbo?

Mwalimu, tuliyekuwa tumemlipa nauli aje nasi, hakusema neno, ila aliinamisha kichwa kidogo. Baadaye ndani ya gari alinieleza: farasi mwenye moto mwingi huzungushwa saa nzima kabla ya mgeni kufika, mgeni akija anamkuta amechoka, na uchovu anauita upole. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hupiga simu mapema na kusema, tafadhali muacheni malishoni, tutamkamata wenyewe.

Lakini mtoto alikuwa ameshamkumbatia shingo, nami moyo wa baba ukaanza kulegea. Nikampigia Ami kwa video. Kule ilikuwa alasiri, amekaa barazani.

"Niyonesha meno," akasema. Hakuuliza bei, hakuuliza rangi.

Nikamfunua mdomo farasi kwa kidole gumba, simu mkono wa pili, muuzaji ananitazama kama mwendawazimu. Ami akanyamaza.

"Sogeza kwenye mwanga. Sasa ubavuni, si mbele. Hapo." Akanyamaza tena. "Wamekwambia miaka mingapi?"

"Tisa, Ami."

"Huyo ana wajukuu."

Alichokuwa anakitazama ni mlalo. Meno ya mbele ya farasi kijana, ukiyaona kwa ubavuni, yanakutana wima kama mbao mbili za mlango. Kadiri anavyozeeka yanalala kuelekea mbele. Mwalimu naye akaja akainua mdomo wa juu, akanionyesha kitu ambacho Ami na punda wake hawakijui: kwenye jino la pembeni la juu kuna mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia, unaoanza kuchungulia kwenye ufizi farasi akiwa na miaka 10 hivi, ukafika katikati ya jino akiwa na 15, na chini kabisa akiwa na 20. Si saa ya mkononi, lakini si ya kubahatisha pia. Wa huyu mrembo wetu ulikuwa umeshapita katikati.

Tukaomba pasipoti. Huku kila farasi ana pasipoti yake, na kumuuza bila hiyo ni kosa. Ikawa iko njiani, kwenye posta. Na chipu? Tangu Oktoba 2020 hapa Uingereza kila farasi lazima awe na chipu ndani ya shingo. Hiyo nayo ipo, akasema, ila mashine ya kuisoma hana.

Nataka nieleweke: uzee wenyewe si aibu. Farasi wa miaka 16 aliyetulia ni hazina kwa mtoto, tena angekuwa bei nafuu. Lakini mtu aliyenidanganya miaka saba ya umri, nitamwamini vipi kuhusu miguu?

Mtoto alilia dakika hamsini, kutoka pale mpaka nyumbani. Hakupumzika hata kwenye taa nyekundu.

Wa pili sitamweleza sana. Mweusi, mnene, mzuri wa tabia. Mwalimu alimtazama kwato kwa nusu dakika, akaona mikunjo inayozunguka ukwato, mipana nyuma kuliko mbele, akatuambia turudi garini. Ile ni alama kwamba aliwahi kuugua laminitisi, na maradhi hayo nitayarudia, maana yalikuja kunitafuta mwenyewe.

Seren tulimpata mwisho wa Februari, vilimani upande wa Wales. Mwenye naye alikuwa mama mwenye shamba la kondoo, binti yake amerefuka miguu mpaka inaning'inia chini ya tumbo la farasi. Tangazo lake lilikuwa na mistari minne na picha moja mbaya. Liliandikwa: miaka 14, nusu Welshi, 12.2, salama barabarani, huganda langoni. Nilimpenda mama yule kabla sijamwona, kwa sababu ya neno moja, huganda. Nani huandika kasoro kwenye tangazo?

"Yuko kule chini," akatuambia. "Mkamateni."

Malisho yalikuwa ya mteremko, tope mpaka kifundo. Mtoto wangu akachukua kamba, akaificha nyuma, akaenda kwa kuzunguka, analenga bega, si uso, kama alivyofundishwa. Seren akamwacha afike hatua tatu, akageuka, akaondoka taratibu kwa mwendo wa matiti, zile mbio ndogo za farasi, mpaka upande wa pili wa hori la maji. Mtoto akazunguka tena. Akaondoka tena. Mimi mkononi nilikuwa na karoti, nikataka kuingilia, mwalimu akanishika kola. Mara ya tatu Seren alisimama, akashusha pumzi ndefu ya puani, akatutazama kama mwenye duka aliyegongewa mlango saa sita kasoro robo usiku na mteja wa kiberiti. Kisha akainamisha kichwa chini ya kamba mwenyewe.

Akatuletea tope lote la Wales mpaka uani. Mtoto akamsugua, akamwinua miguu yote minne, mmoja mmoja, akachokonoa kwato. Mimi nikapitisha kiganja chini ya tumbo: pakavu, pa baridi, manyoya ya majira ya baridi marefu kama ya mbuzi. Nyuma ya kiwiko kulikuwa na kibaka cha manyoya meupe, alama ya zamani ya mkanda. Nilipoinama nikitazame vizuri, akanikanyaga mguu. Si kwa ubaya. Aliuweka tu ukwato wake pale, akasahau.

Mwenyewe kwanza, mgeni baadaye: hiyo kanuni usiivunje. Binti wa mwenye naye akampanda, magoti yako kifuani, akaenda naye matiti, akaenda naye shoti, akaruka gogo. Kisha wetu akapanda. Langoni Seren akaganda, kama tangazo lilivyosema. Mtoto akampiga visigino kidogo, hakuna. Akamgeuza duara moja, wakatoka. Barabarani likaja trekta lenye mkono wa kukata ua, linanguruma, vijiti vinaruka. Seren alitega sikio moja. Sikio la pili lilibaki kwa mtoto. Ami angeliona sikio lile angelipa palepale.

Niliuliza jambo moja ambalo mwalimu alinikumbusha: nionyesheni picha zake za Julai. Usubi wa huku hawaleti maradhi yale ya kwetu, lakini wapo farasi ambao ngozi zao hazivumilii kung'atwa nao, wanajisugua kwenye miti kuanzia Aprili mpaka Oktoba, wanabaki na shingo na mkia kama brashi kuukuu. Februari hulioni hilo, singa zimeshaota. Picha za Seren za kiangazi zilikuwa na mkia mzima unaoburuza majani. Nikauliza na mengine kwa ujumbe wa simu, makusudi, ili majibu yabaki kwa maandishi: amewahi kuugua kwato? Tumbo? Amewahi kumwangusha mtu? Ukinunua kwa mfanyabiashara wa farasi, sheria ya wateja ya 2015 inakupa siku 30 za kumrudisha mwenye kasoro. Ukinunua kwa mama mwenye kondoo, alichokuandikia ndicho ulichonacho. Alijibu yote, na la mwisho alilijibu hivi: "Mimi, 2021, kosa langu."

Daktari wa farasi tulimtafuta wa kwetu, si wa muuzaji, kwa uchunguzi wanaouita wa hatua tano. Unachukua asubuhi nzima. Humtazama akiwa amesimama, macho, moyo, meno, halafu akitembezwa na kukimbizwa kwa kamba, halafu akipandwa mpaka ahemewe, halafu hupumzishwa, halafu hukimbizwa tena, maana kilema kingine hujitokeza mwili ukishapoa. Na huchukua damu, ikahifadhiwa miezi sita. Sababu ya damu ilinifurahisha kama mtu wa Lamu: ukifika nyumbani kesho akaanza kuchechemea, au mpole akageuka simba, damu inapimwa kuona kama siku ile alikuwa ametiwa dawa ya maumivu au ya usingizi. Tuliongeza na kipimo cha mimba, kwa kuwa malisho ya jirani yalikuwa na dume machachari na ua mbovu. Farasi hubeba miezi 11, na mimi nilikuwa na pesa ya farasi mmoja.

Hana mimba. Alikutwa na uvimbe mgumu wa mfupa, mguu wa mbele kushoto, wa miaka mingi, usio na maumivu. Na unene. Daktari aliandika neno hilo na kulipigia mstari.

Mama alitaka pauni 4,200. Nikaanza, kama nilivyolelewa, na nusu. Mwalimu akanikanyaga mguu, uleule. Tukakubaliana 3,900 na tandiko juu, tandiko ambalo limeshonewa mgongo ule, na hilo peke yake liliniokoa mamia.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Seren alifika kwetu wiki ya mwisho ya Machi, kwenye shamba tunalokodi malisho kwa wiki. Mwenye shamba alitupa kipande kidogo, nyasi fupi, nusu tope, akasema abaki humo. Upande wa pili wa waya kulikuwa na malisho ya kijani mabichi, kama zulia la msikiti mpya. Kila jioni nikitoka kazini namkuta Seren ameegemea waya, anayatazama. Nami kila jioni roho inaniuma. Nimekulia mahali ambapo mnyama mbavu zinahesabika, ambapo tangu 1987 kuna hospitali ya bure ya punda mjini kwa sababu ya mizigo na njaa. Kumnyima mnyama chakula kilichoota chenyewe, mbele ya macho yake, kwangu ilikuwa dhambi tupu. Jumamosi moja ya Aprili nikaufungua waya. Alikula saa sita mfululizo hajainua kichwa. Nikampiga picha, nikamtumia Ami. Ami akajibu: mashallah.

Jumapili mwenye shamba aliniita kwa sauti ya kumwitia mwizi. Seren alikuwa amesimama amerudisha uzito wote nyuma, miguu ya mbele ameitupa mbele yake, hataki kugeuka. Akanichukua vidole, akavibana nyuma ya mguu wake, juu kidogo ya ukwato. Mshipa ulikuwa unadunda kama ngoma ya msondo. Kwa kawaida pale unatafuta mpaka unachoka.

Hiyo ndiyo laminitisi inavyobisha hodi. Ndani ya ukwato, mfupa umening'inizwa kwenye ukuta wa kwato kwa nyama nyembamba nyembamba zilizoshikana kama kurasa. Nyasi za masika ya huku zimejaa sukari, na poni hawa wa milimani wameumbwa kuishi kwa majani makavu na upepo. Sukari ikizidi, homoni ya insulini hupanda mno, zile kurasa huvimba na kuanza kuachana. Ukichelewa, mfupa hugeuka ndani ya ukwato, na hapo watu huanza kuzungumzia kumpumzisha mnyama moja kwa moja.

Daktari alikuja, na daktari wa Jumapili anakuja na bei ya Jumapili. Tulimwahi. Siku kumi na moja alikaa bandani juu ya matandiko ya maranda mazito, anakula nyasi kavu tulizoloweka maji kwanza ili sukari itoke. Mtoto wangu hakusema nami maneno mengi siku hizo. Alikuja kila alfajiri kabla ya shule, akampima mshipa kwa vidole viwili, akaandika ubaoni: unadunda, unadunda kidogo, sijausikia. Siku aliyoandika "sijausikia" alinikumbatia, lakini hakufuta yale ya juu.

Ami nilimwambia ukweli baada ya wiki. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mimi miaka sitini napigana na ndaa. Kumbe huko mna vita na shibe." Nilipomwonyesha kikapu cha mdomo anachovaa Seren sasa akitoka malishoni, chenye tundu dogo la kupitisha majani machache, alighadhibika: "Mwamfunga kanwa kiumbe wa Mungu?" Bado hatujakubaliana juu ya kikapu kile. Seren yuko upande wa Ami. Ameshavipoteza viwili kwenye ua.

Ana kilo 300, kwa hiyo kwa siku hupata nyasi kavu kilo nne na nusu, zilizopimwa. Mizani tunayotumia ni ileile ya kupimia masanduku tukienda Kenya. Mwezi Mei aliingia joto, akapiga kelele za taarabu siku tano, akakataa kabisa kugeukia kushoto. Mtoto akasema sawa, akaenda naye kulia wiki nzima.

Kukata kwato ni kila wiki sita au saba. Viatu havai. Pasipoti nilituma kubadilishwa jina ndani ya siku 30 kama sheria inavyotaka, ikarudi na jina langu, maana mimi ndiye niliyelipa. Mtoto aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akaifunga, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya chakula, si hii niliyoikalia, ile nyingine yenye kifuniko. Kwa wino usiofutika akaandika jina lake na la Seren, yamezungushiwa nyota. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili nisije nikasema sikuelewa: Baba haruhusiwi kujaza.